Kiinimacho cha sarafu, hatua kwa hatua

Mazingaombwe ni onyesho zima. Kiinimacho ni ufundi wa mkono ulio ndani yake. Anza na sarafu ya shilingi 500, maana ni kubwa na inashikika.

Ishike kwa kingo, kati ya dole gumba na vidole viwili vya kushoto, kiganja kikitazama juu. Mkono wa kulia uje kama unaichukua: gumba lipite chini ya sarafu, vidole viifunike kwa mbele. Ikishafichika, legeza gumba la kushoto, sarafu idondoke kwenye mashina ya vidole. Kulia funga ngumi tupu, isogeze pembeni.

Hapo macho yako ndiyo yanayofanya kazi. Yaifuate ngumi, kwa sababu watazamaji hutazama unakotazama. Wengi huharibu kwa kuukaza mkono wa kushoto. Uache ushuke wenyewe, vidole vimejikunja kidogo. Joto la Dar nalo lina vituko vyake: kiganja chenye jasho hunasa sarafu, basi kifute kwanza. Na ukiwa umekaa kwenye daladala usijaribu, abiria waliosimama wanaona kila kitu kutoka juu.

Usirudie mbele ya watu walewale.