Kupanga meno ukiwa Dodoma: uanzie wapi, uulize nini

Kupanga meno kwa waya huchukua miezi 18 hadi 24 kwa kawaida, na mgonjwa hurudi kliniki kila baada ya wiki 4 hadi 8. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza nani atakayekaza waya hizo, na wapi. Mtu wa Mpwapwa aliyefungwa waya Dar es Salaam ajipigie hesabu ya safari 15 hivi. Treni ya SGR imerahisisha njia tangu 2024, lakini nauli na siku ya kazi ziko palepale.

Anzia karibu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile watu wanayoiita General, na Benjamin Mkapa zina huduma za kinywa na meno. Wilayani, nenda hospitali ya wilaya. Hapo omba mambo mawili: kuzibwa meno yaliyotoboka na kusafishwa ugaga. Waya hazifungwi juu ya fizi zinazotoka damu. Kisha omba rufaa kwa bingwa wa kupanga meno. Tabibu wa meno anang'oa na kuziba vizuri tu, ila kupanga si kazi yake. Jina la daktari lithibitishe kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Bingwa atapima meno yanavyoumana, atachukua chapa ya meno, na atataka eksirei ya taya zote, maana jino linaweza kuwa limejificha mfupani. Anayetaka kugandisha vibati, yaani vipande vidogo vya kushikilia waya kwenye meno, bila picha, muage. Muulize pia: kuna jino la kung'olewa ili kupata nafasi? Kibati kikibanduka nani analipa? Bei ina riteina ndani yake, yaani kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikokuwa waya zikitolewa? Bima yako inagharamia nini? Jibu la bima lipate kwa maandishi.

Wenye meno ya kahawia kutokana na floridi, kama wengi waliokulia kwenye visima vya Singida, waseme mapema. Asidi inayotayarisha jino haishiki sawasawa kwenye meno hayo, ndiyo maana vibati hubanduka mara kwa mara. Na mtoto aliyeng'olewa "meno ya nailoni" (chonge za utotoni zilizokuwa bado ndani ya fizi) akiwa mchanga anaweza kukosa chonge la ukubwani au likaota vibaya. Mwelezeni daktari bila aibu.

Mtoto aonwe akiwa na miaka 7 hivi. Waya zenyewe mara nyingi hufungwa kati ya miaka 11 na 14. Mtu mzima naye hupangwa, mradi mfupa na fizi ni nzima. Mwanya peke yake, kwa maoni yetu, hauna haja ya kuguswa kama haukusumbui. Ila usiuzibe kwa rababendi. Hupanda chini ya fizi, hula mfupa unaoshikilia mizizi, na meno mawili ya mbele yanaweza kung'oka yakiwa mazima.

Jino husogea kwa sababu mfupa huyeyuka upande ambako jino linasukumiwa na kujengeka upande linakotoka. Kukaza zaidi hakuharakishi, kunaumiza mzizi. Maumivu ya siku 2 hadi 5 baada ya kukazwa ni ya kawaida: parasetamoli, ugali laini na mlenda vinatosha. Miwa, mahindi ya kuchoma, kashata na mbegu za ubuyu viache kabisa. Waya ikichoma shavu, bandika nta ya meno, kisha piga simu kliniki. Piga mswaki kila baada ya mlo, ukizungushia kila kibati, la sivyo vibati vikitolewa vitaacha madoa meupe ya jino lililoanza kuoza.

Vikishatolewa, meno hutaka kurudi yalikokuwa. Riteina huvaliwa mchana na usiku miezi ya mwanzo, kisha usiku tu, kwa miaka. Ioshe kwa maji baridi, kwani ya moto huipinda. Unapokula iweke kwenye kiboksi chake, usiifunge kwenye tishu: mhudumu wa mgahawa ataitupa pamoja na mabaki.