Akiba ya dharura kwa vitumbua: hatua tulizopita mimi na wifi yangu wa Makorora

Saa tano usiku wifi yangu alinipigia kuniomba 40,000. Yuko hospitali ya Bombo, mtoto anachemka homa, ameishiwa. Kwa bahati mteja alikuwa amemalizia pesa ya nguo za harusi jioni ile, nikamtumia. Siku mbili baadaye, mtoto ameshapata nafuu anakimbizana na kuku, nikamwuliza, "Wifi, wewe kila siku alfajiri uko kwenye chuma cha vitumbua. Hiyo pesa inakwenda wapi?"

Akacheka. "Hata mimi namtafuta anayeila."

Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, hapa Tanga, si mtu wa benki. Haya ni tuliyoyafanya wawili kwa miezi kadhaa, pamoja na makosa niliyoyafanya mimi mwenyewe zamani. Kama unauza mihogo, barafu za ubuyu au unashona kama mimi, badilisha namba tu.

Hatua ya 1: Ijue dharura yako kwa jina

Kila mahali utasikia weka matumizi ya miezi mitatu au sita. Sawa. Lakini mwambie hivyo mtu anayepata pesa kwa siku, atakata tamaa kabla ya kuanza. Tulichofanya ni kukaa na daftari na kukumbuka mwaka mzima uliopita: mara ngapi ulikimbia kukopa, na kwa kitu gani. Kwake yalitoka mambo matatu makubwa. Mtoto kulazwa, 71,000 ukijumlisha dawa na bajaji. Msiba wa Korogwe, nauli na rambirambi, 46,000. Bati la jikoni lililong'olewa na upepo, 35,500. Jumla 152,500.

Basi shabaha ya kwanza ikawa 150,000. Ada ya shule hatukuiandika, maana ada si dharura, Januari inajulikana itakuja. Sikukuu nayo si dharura. Tulibishana sana kuhusu sare ya harusi. Nilishinda mimi, nayo si dharura, na mimi ndiye ninayeshona hizo sare, kwa hiyo mnaniamini.

Hatua ya 2: Pata pa kuingizia cha ziada

Hapa siandiki mengi, kila mtu anajua mikono yake. Wifi alikuwa anakaanga asubuhi tu, akaongeza barafu jioni kwa watoto wanaotoka madrasa. Jirani yake hudamka kwenda Dipsi kuchukua samaki, anakaanga anauza mtaani. Msimu wa machungwa ya Muheza, mwenye kisu kikali na beseni hakosi cha kufanya. Ramadhani mchana lala, nguvu zote zipeleke alasiri: vitumbua, kaimati, mkate wa kumimina, huwezi kuvimaliza kupika.

La kuzingatia ni moja tu. Usikope ili uanzishe kazi ya ziada. Hasa ile mikopo ya kausha damu, wanaokuja kukaa barazani kwako siku ya rejesho. Anza na sufuria uliyonayo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya sinia moja, sio ya mwezi

Wifi aliniambia kila siku anapata "kama elfu ishirini". Nikamwambia leo tuandike. Nikalala kwake, tukaamka saa kumi, kila kilichoingia kwenye ndoo nikakiandika. Bei ni za siku ile, kwako zitakuwa nyingine:

Mchele kilo 2, 5,600. Nazi 3, 3,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Mafuta nusu lita, 3,000. Hamira na iliki, 700. Mkaa, 1,500. Kusaga mashineni, 500. Vifungashio, 300. Jumla 16,100.

Vikatoka vitumbua 110. Kwa 200 kimoja, ni 22,000. Kwa hiyo ile "elfu ishirini" yake ilikuwa mauzo. Faida ni 5,900.

Subiri kwanza. Nikiwa nimekaa pale kwenye kigoda, kabla hata ya mteja wa kwanza, mtoto mkubwa alichukua viwili, mdogo viwili, baba yao vitatu na chai, na mimi mgeni nikala vitatu bila haya. Kumi vimekwenda. Elfu mbili. Faida imebaki 3,900, na bado yule kijana wa bodaboda aliyechukua vitano akasema "nitakuja nacho jioni, mama."

Sisemi watoto wasile. Sisemi umnyime mumeo. Waandike. Kwenye daftari tukaweka mstari unaoitwa "nyumbani", na kila kinacholiwa kinaandikwa kama kimeuzwa kwa mkopo kwa familia. Wiki ya kwanza alisahau kila siku. Wiki ya pili mumewe alipouona ule mstari umefika elfu tisa, yeye mwenyewe akaanza kulipia vyake. Hilo sikulitegemea.

Daftari liwe la mistari, la karatasi, lililofungwa kalamu kwa uzi. Zipo programu za simu za kuandikia mauzo, lakini mikono yenye ujiuji wa mchele na kioo cha simu havipatani.

Hatua ya 4: Mtaji kwanza

Ukimaliza kuuza, kabla hujanunua hata nyanya, toa pesa ya sinia la kesho (yeye hutoa 16,500), ifunge kwenye pindo la khanga. Halafu 2,000 kwenye kibubu. Kinachobaki ndicho cha mboga. Siku sita za kuuza ni 12,000 kwa wiki. Kwa mwendo huo 150,000 huchukua wiki kama 13. Masika mvua zikianza zitakuwa zaidi, wateja hawatoki na mkaa unapanda, usijilaumu.

Hatua ya 5: Pesa ilale wapi

Hapa ndipo wengi tunapoangukia, na hapa nitakaa.

*Kibubu.* Kizuri kwa wiki moja, si kwa miezi mitatu. Cha bati chenye tundu juu sikipendi kabisa, mtu anakigeuza na kisu cha mezani noti zinatoka kama zimeitwa. Chukua cha mbao kilichopigwa misumari. Na kikishajaa wiki, kitoe nyumbani, maana kibubu kinachojulikana kina pesa humkaribisha kila mwenye shida.

*Mchezo.* Naupenda mchezo, ule wa kuchanga na kupokezana kwa zamu, cherehani yangu ya pili niliinunua kwa mchezo. Lakini kwa dharura haufai. Homa haisubiri zamu yako. Miaka ya nyuma nilikuwa wa tisa kati ya kumi na wawili, zamu ya saba kijumbe, yule anayekusanya pesa, akahama mtaa na simu yake ikazimwa. Nilikuwa nimeshatoa miezi saba. Ukicheza, cheza kwa ajili ya friji au kitanda.

*Vikoba.* Afadhali, hasa kile kilichosajiliwa, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe. Hisa zako hutazigusa mpaka mwisho wa mzunguko, ila vikundi vingi vina mfuko wa jamii unaosaidia msiba na ugonjwa. Uliza kwanza kabla ya kujiunga: mfuko wa jamii hutoa kiasi gani, kwa tukio gani, na ndani ya siku ngapi. Wakikujibu "tutaangalia", umeshajua.

*Laini ya simu.* Hii ndiyo tuliyoichagua, na ndiyo iliyonitesa mimi kabla yake.

Nisimulie. Nilikuwa nimekusanya 60,000 kwenye kibubu, nikaenda kwa wakala kuziweka kwenye laini yangu ya kila siku. Ujumbe ukaja. Nikaangalia salio: elfu kumi na tisa na ushee. Nikamgeukia yule kijana wa wakala kama simba. Nilimfokea mbele za watu, nikadai anipe pesa yangu, akafungua daftari lake, akanionyesha ujumbe wake, 60,000 zimetoka kwake. Watu wakajaa. Nilisimama kwenye kile kibanda tangu saa nne mpaka adhuhuri, nikipiga huduma kwa wateja na kusikiliza muziki. Alipopokea mtu, dakika moja tu: "Mama, ulikuwa na deni."

Ni kweli. Kila nikipungukiwa kwenye kununua umeme wa LUKU nilikuwa nabonyeza ile huduma inayokukopesha hapo hapo ili malipo yapite. Elfu tatu, elfu tano, pamoja na ada za kila siku. Sikuwa nikihesabu. Pesa yoyote inayoingia kwenye laini yenye deni hilo, inakatwa kwanza. Nilirudi kumwomba radhi yule kijana na kanzu yake ya Idi nikamshonea bure.

Kwa hiyo, kwa mpangilio huu huu:

Sajili laini mpya ya mtandao tofauti na ule unaotumia kila siku. Unahitaji namba yako ya NIDA na alama za vidole vyako mwenyewe. Vyako, narudia. Wifi alitaka kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake kwa kuwa "ipo tu". Laini iliyo kwa jina la mtu pesa yake ni ya huyo mtu. Akigombana na wewe, akifa, akiamua kurudisha laini yake, utamwambia nani?

Usikubali huduma yoyote ya mkopo kwenye laini hiyo. Ujumbe utakuja kukupongeza kwamba umefuzu kukopa. Futa.

Kabla ya kuweka pesa yote, weka 1,000, angalia salio. Ikibaki 1,000, endelea. Hii hatua ya dakika mbili ingeniokolea nusu siku na heshima yangu.

Weka mara moja kwa wiki, si kila siku. Wifi huenda Jumamosi. Kuweka kwa wakala hakukati, kinachouma ni kutoa na kuhamisha, na kutoa kidogo kidogo huuma zaidi kuliko kutoa mara moja. Ukitoa 5,000 mara nne umelipa mara nne.

Laini usiiweke kwenye simu. Itoe, ifunge kwenye karatasi, iweke unapoweka vyeti vya watoto. Ukitaka kula akiba itabidi unyanyuke, utafute, uazime simu yenye nafasi. Katika huo mwendo hamu ya kununua kitenge huwa imeisha. Lakini mara moja kwa mwezi iwashe upige hata simu fupi, maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa.

Faida nyingine ni kwamba wale matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hawaijui. Namba hiyo usimpe mtu.

Namba ya siri iandike popote utakapokumbuka, ila si kwenye karatasi ile ile iliyofunga laini. Ndiyo, alifanya hivyo.

Hatua ya 6: Mtu wa pili ajue

Usiku wa dharura unaweza kuwa wewe ndiye uliyelazwa. Wifi alinichagua mimi kujua laini iko wapi, na dada yake kujua namba ya siri. Hakuna kati yetu anayeweza kutoa peke yake. Mumewe anajua ipo, hajui ni kiasi gani. Hilo ni la kwao.

Tulikubaliana pia swali moja la kuuliza kabla ya kutoa: je, nikisubiri mpaka Jumamosi kuna mtu ataumia? Kama hapana, basi si dharura.

Hatua ya 7: Ikivuka shabaha

Ikifika laki tatu au nne, ihamishe. Benki kuna Bodi ya Bima ya Amana inayomlinda mwenye akaunti hadi 7,500,000 benki ikifilisika. Usiyetaka riba, ipo Amana Bank, na CRDB wana Al Barakah. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, nao ninao, ila ukiuza vipande (hisa zako kwenye mfuko) usitegemee pesa iwe mkononi usiku uleule, kwa hiyo acha kila mara kiasi cha kulazwa mtu mmoja kwenye laini.

Ukiitumia

Agosti paa liling'oka tena, bati mbili. Laini ilikuwa na 118,000. Alitoa 38,000 kwa mkupuo mmoja, akanunua bati na misumari, hakunipigia. Niliambiwa kesho yake nilipokwenda kuchukua vitumbua. Kwenye daftari akaandika "paa" kwa kalamu nyekundu, na chini yake akachora viboksi 19, kila kimoja 2,000. Juzi nilihesabu, ameshapiga mkasi vinne. Kitumbua changu akakiandika kwenye mstari wa nyumbani.