Kabla hujampeleka mgonjwa, mzee au mtoto kwenye bustani ya miti iliyo mlimani

Bustani iliyopandwa ndani ya miti, kwenye ubavu wa kilima, haina njia tambarare hata kama picha zake zinaonyesha hivyo. Picha hupigwa pale penye usawa. Kwa hiyo kabla hujafunga safari na mtu anayetembea kwa shida, fanya haya.

Viatu: soli yenye meno, kisigino kilichofungwa. Ndala hapana.

Fimbo na magongo: geuza uangalie mpira wa chini. Ukiwa umelika hadi kuwa laini, badilisha kabla ya kuondoka.

Dawa, maji, koti la mvua: beba mwenyewe mkononi, usiache kwenye gari. Kutoka chini bondeni hadi kwenye maegesho ni mbali kuliko unavyodhani.

Choo: uliza kiko wapi, na kama njia ya kukifikia ina ngazi. Bustani nyingi huwa na choo kizuri chenye mlango mpana, lakini karibu na lango tu.

Sasa sikiliza hili vizuri. Usipige simu kuuliza, "Je, kuna njia ya kiti cha magurudumu?" Utajibiwa ndiyo. Shangazi yangu anatumia kiti tangu alipopata kiharusi, na tuliuliza swali hilo hilo, tukajibiwa njia ipo. Na kweli ilikuwepo. Ilianza pana, ya lami, inashuka taratibu chini ya miti, naye alikuwa anafurahia kila ua. Baada ya kona moja lami ikaisha, ikaja changarawe nene, na njia yenyewe ikawa imelalia upande wa bondeni. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Magurudumu madogo ya mbele yaligeukia bonde na kuzama kwenye kokoto. Kaka yangu akawa anasukuma kwa mkono mmoja zaidi ya mwingine ili kiti kisitoke njiani, na shangazi ameng'ang'ania mkono wa kiti kwa ule mkono wake wenye nguvu.

Chini kulikuwa na bwawa, na ng'ambo ya bwawa ngazi. Kwa mwenye kiti, njia ya kurudi ilikuwa ile ile tuliyoshukia, sasa ni kupanda, na manyunyu yameanza. Majani yaliyoanguka yakilowa yanateleza kama sabuni. Tuliposimama kupumzika tukafunga breki, kiti kikaendelea kurudi nyuma polepole. Breki za kiti cha kusukuma hukandamiza tairi. Tairi likiwa limelowa au upepo umepungua, halishikiki. Kaka aliweka mguu nyuma ya gurudumu hadi wageni wengine walipokuja kutusaidia kusukuma. Tulipofika juu shangazi aliuliza jambo moja tu: "Kwani aliyepokea simu hakujua hapa ni mlimani?"

Kwa hiyo uliza hivi. Sehemu yenye mwinuko mkali kuliko zote ikoje, na ina urefu gani? Kipimo kinachotumika sana kwa njia za viti ni 1 kwa 12: kila sentimita 12 za kwenda mbele, unapanda sentimita 1 tu. Hiyo ni karibu nyuzi 5, na hata hiyo ni kazi ngumu kwa anayejisukuma mwenyewe. 1 kwa 20 ndiyo inayokaribia kutembea kwa raha. Uliza pia kama njia imelalia pembeni. Ikizidi sentimita 2 kwa kila mita ya upana, kiti kinavutwa kando muda wote. Uliza juu yake kuna nini: lami, mbao, changarawe, vipande vya magome? Upana je? Sentimita 90 zinatosha kupita, lakini kugeuza kiti kunahitaji duara la mita 1 na nusu. Na la mwisho, ambalo mimi naliweka juu ya yote: lango liko juu ya kilima au chini? Likiwa juu, mtakuwa na nguvu wakati wa kushuka na mtachoka wakati wa kupanda. Panga safari kwa nguvu za kurudi. Mhudumu asipoweza kujibu, omba uzungumze na mtunza bustani. Yeye anazijua njia hizo kwa miguu yake.

Nyumbani, jaza upepo na ujaribu breki. Kwenye mteremko mkali mshushe kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini, ili asichomoke mbele. Kiti cha betri kichajiwe hadi kijae, maana kupanda hula umeme haraka.

Wanaotembea kwa miguu nao wasijidanganye. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Daraja za mbao zenye utando wa kijani huteleza hata bila mvua. Shika kishikio, na kama hakipo, zunguka. Ukitoka juani ukaingia kivulini, simama kidogo macho yazoee kabla ya kukanyaga mizizi. Chini ya miti giza huingia mapema kuliko nje, basi anza kurudi mwanga ukiwa bado upo.

Watoto wasionje chochote. Azalea na rododendroni, aina za vichaka vya maua zinazopendwa sana kwenye bustani za namna hii, zina sumu kuanzia majani hadi nekta. Bwawani mtoto ashikwe mkono.

Upepo mkali ukivuma, ahirisha, hata kama tiketi imeshalipwa. Matawi makavu huanguka bila kubisha hodi. Mtandao wa simu bondeni mara nyingi ni hafifu, kwa hiyo kubalianeni mahali pa kukutana na mpige picha ramani iliyo langoni. Mwambie mtu wa langoni mko wangapi na mnaelekea upande gani. Uliza wanafunga saa ngapi. Na mtu akisema amechoka, geuzeni hapo hapo, msimwambie "tumekaribia kufika."