Mtoto kaamka na homa: shule aende ama abaki?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi la shule liko karibu, na mtoto akwambia "mama kichwa chauma". Hapo ndo wengi wetu tunaharibu. Mimi mwenyewe nshafanya, nilimpa wangu wa pili Panadol nikamvisha yunifomu akapanda basi anacheka, saa nne na nusu napigiwa simu njoo umchukue, homa imepanda na ametapikia daftari la mwenzake. Ile dawa nguvu yake ni saa nne hadi sita tu, kwa hivo ukimpa alfajiri inaisha kwenye saa ya uji, na huku ashakaa na darasa zima.

Basi pima kabla ya dawa. Thamometa ya kwapani duka la dawa lolote iko, mkono kwenye paji la uso unadanganya, hasa na joto letu hili. Ikifika 38 abaki, na asirudi mpaka apitishe siku nzima, usiku na mchana, bila homa na bila dawa ya kuishusha. Na akikosa shule akose na chuo cha Qurani pia jamani, manake kuna watu asubuhi mtoto mgonjwa, saa nane mchana yuko madrasa amebanana na wenzake mkekani.

Homa ya Mombasa usiikisie. Mpeleke zahanati apimwe malaria, na dengi, homa nyingine ya mbu, nayo hapa huja ikarudi, kwa hivo kabla hujajua ni nini mpe parasetamo (ndo hiyo Panadol) pekee, Brufen na aspirini ziache kwanza kwa sababu kama ni dengi zaweza kumletea kutokwa na damu.

Kuhara au kutapika, ngoja siku mbili tangu mara ya mwisho. Mpe ORS, ule unga wa pakiti wa kurudisha maji mwilini, maji upime vile pakiti imeandika, na uulize vidonge vya zinki. Tetekuwanga mpaka vipele vyote vikauke vifanye magamba, kawaida kama siku tano. Ukambi siku nne tangu vipele vitoke, na huo uonwe na daktari. Macho mekundu, mwakumbuka mwanzo wa 2024 vile yalizagaa Pwani nzima? Abaki hadi yaache kutoa tongo, taulo yake peke yake, na tafadhali hayo mambo ya kutia maziwa ya mama ama chai kwenye jicho tuache.

Kamasi tu na kikohozi kidogo, anakula na anacheza, aende. Ukimweka kwa kila kamasi hatasoma.

Ila akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa taabu, akishikwa na degedege ama akilala hashtuki, hapo hakuna habari ya shule, ita tuktuk mbio hospitali.

Sasa upande wa shule. Nyingi hazina nesi, kuna kisanduku cha huduma ya kwanza na mwalimu wa darasa, basi usitarajie makubwa. Dawa ya mchana mpe mwalimu mkononi na karatasi: jina, kiasi, saa. Inhela ya pumu ikae kwa mkoba wa mtoto na mwalimu ajue. Namba ya simu uandikishe ya mtu wa karibu kweli, sio nyanya wa Likoni wakati shule iko Kisauni, maana akikwama feri mtoto atamngoja mpaka jioni.

Zile siku za kugawa dawa za minyoo shuleni, mtoto ale kabla ya kutoka, na kama anaumwa siku hiyo mwambie mwalimu, atapewa akipona. Wenye wasichana, chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ipo tangu 2019, huanza miaka 10, ukiletewa karatasi isome usiku huohuo, mimi ya kwangu niliikuta wiki mbili baadaye chini ya mkoba imelowa juisi ya ukwaju.