Fundi apande juu ya bati Februari

Wenye nyumba za kupangisha hapa Dar, mpangaji akikulipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, ya mwezi mmoja usiiguse. Hiyo ni ya nyumba. Februari, kabla masika hayajaanza, mpandishe fundi juu akague vipira vya misumari ya bati. Jua huvikausha vikapasuka, na maji hupenya hapohapo. Azibue na mifereji pia. Kwangu tulitoa ndoo mbili za majani ya mwembe! Mwaka niliopuuza, doa la ukubwa wa sahani liliishia kuangusha dari ya jipsamu sebuleni, na mpangaji (haki yake) akakata gharama kwenye kodi. Kabla hujamlipa fundi, akupigie picha kila kona.