Jinsi ya kuomba kibali cha kuandaa semina, warsha au mhadhara chuoni

Ukumbi umeshawekwa, mgeni amekubali kuja, bango linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kisha siku mbili kabla ya tukio barua inarudi na mstari mmoja: shughuli haijaidhinishwa. Waandaaji wanabaki kuulizana, si tulipewa ukumbi? Ukumbi mlipewa. Kibali ndicho hamkupewa.

Hapo ndipo maombi mengi hukwama. Ofisi inayosimamia ratiba na kumbi hujibu swali moja tu, kama chumba kiko wazi saa hiyo. Haishughuliki na mada wala mzungumzaji. Swali la pili, kama shughuli yenyewe ifanyike, hujibiwa na mkuu wa idara, amidi wa kitivo au ofisi ya msajili. Kwa vikundi vya wanafunzi, mara nyingi huanzia kwa mlezi wa wanafunzi. Vyuo vidogo huweza kuyaweka yote kwenye dawati moja, lakini maswali yanabaki mawili, na kila moja linahitaji jibu lake la maandishi. Fomu hutofautiana chuo hadi chuo. Mpangilio wa kazi hautofautiani sana.

1. Ipe shughuli jina lake halisi

Watu huandika "semina" kwa kila kitu. Afisa akisoma neno hilo anawaza watu 20 kuzunguka meza moja, kumbe wewe unamaanisha watu 300 na vipaza sauti. Semina ni kikao cha wachache waliokwisha kusoma andiko na wamekuja kulijadili. Ndivyo ilivyokomaa katika vyuo vikuu vya Ujerumani karne ya 19, enzi ambazo mwanahistoria Leopold von Ranke alikuwa akikaa na wanafunzi wake Berlin kupekua nyaraka za kihistoria. Warsha ni ya kutenda: kila mshiriki ana kazi mkononi, kwa hiyo idadi lazima iwe na kikomo na meza lazima ziwepo. Katika mhadhara mmoja anazungumza na wengi wanasikiliza, na ukiwa wa hadhara, watu wasio wa chuo wanaingia getini, hivyo idara ya ulinzi inahusika moja kwa moja. Kongamano lenye vikao kadhaa ni habari nyingine. Hilo huombwa na kamati, si na mtu mmoja.

2. Tafuta mwenyeji kabla ya kutafuta ukumbi

Kila ombi lina mtu ambaye jina lake litatajwa mambo yakienda kombo. Mtia saini hulitafuta jina hilo kabla hajasoma kitu kingine. Katika vyuo vingi mwanafunzi hawezi kuwa mtu huyo peke yake. Anahitaji mhadhiri au idara ya kumdhamini.

Usimwendee mhadhiri na wazo la mdomo. Mpelekee dokezo la ukurasa mmoja: mada, mzungumzaji, walengwa, tarehe 3 zinazowezekana, na anachotakiwa kufanya yeye. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Mhadhiri anayeambiwa "tunaomba utudhamini" hajui kama anaombwa saini, fedha, au saa 3 za kukaa mbele kama mwenyekiti wa kikao. Mwambie wazi: saini ya leo, dakika 10 za kufungua, basi. Akikubali, muombe athibitishe kwa barua pepe, maana utaiambatisha.

3. Tarehe

Weka kalenda ya chuo mezani kwanza. Wiki ya mitihani haifai. Wiki ya mahafali kumbi zote huwa zimechukuliwa, na wiki ya kwanza ya muhula ratiba bado inahamahama. Angalia pia vipindi vya walengwa wako: kumwalika mtaalamu wa takwimu saa ambayo wanafunzi wote wa takwimu wako maabara ni kumwaibisha mgeni. Toa tarehe 3 kwa mpangilio wa upendeleo. Aliyepewa tarehe moja tu ana majibu mawili, ndiyo au hapana, na hapana ndiyo rahisi kuandika.

Kama mzungumzaji atakuwa mtandaoni kutoka nchi nyingine, andika saa kwa mfumo wa saa 24 na utaje tofauti yake na UTC, saa ya pamoja ya kimataifa. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza hubadili saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika wiki chache ambazo upande mmoja umeshabadili na mwingine bado, hesabu uliyozoea kati ya New York na London haifanyi kazi. Na ukialikwa wewe kwenye mhadhara wa chuo cha Ujerumani ukakuta "14 c.t.", fahamu unaanza saa 14:15, "s.t." maana yake saa ileile iliyoandikwa. Desturi ya robo saa hiyo ni ya zamani na inawapa watu nafasi ya kutoka darasa moja kwenda jingine. Binafsi naona vyuo vyote vingeiiga.

4. Barua ya maombi

Hata pale fomu ipo, ambatisha barua. Fomu ina visanduku, barua ndiyo inayosomwa. Isizidi ukurasa mmoja, na ipitie kwa wanaostahili kwa mpangilio. Barua iliyoruka mkuu wa idara hurudishwa kwake hata kama maudhui hayana kasoro. Mfano:

Kwa Amidi wa Kitivo,
Kupitia: Mkuu wa Idara

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUFANYA MHADHARA WA HADHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Idara inaomba kibali cha kufanya mhadhara wenye mada (andika mada kamili) utakaotolewa na (jina, cheo na taasisi) tarehe (…) kuanzia saa 14:00 hadi saa 16:00. Mhadhara unalenga wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa uzamili. Tunatarajia wahudhuriaji 80, kati yao wasiozidi 15 kutoka nje ya chuo. Msimamizi wa shughuli ni (jina), ambaye amethibitisha kwa barua pepe iliyoambatishwa. Gharama za usafiri wa mzungumzaji zitalipwa na taasisi yake. Hakuna malipo yanayoombwa kwa kitivo. Mhadhara utarekodiwa kwa matumizi ya ndani. Ombi la ukumbi limewasilishwa kwa ofisi ya kumbi na linasubiri kibali hiki.

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana: inamwonyesha amidi kwamba unajua ofisi ipi inasubiri nini, naye hana haja ya kukurudisha. Ile ya gharama pia usiiache. Barua isiyotaja fedha huenda kwa mhasibu "kwa ushauri", na huko hukaa.

Viambatisho ni vinne: ikisiri ya mada ya maneno 150 hadi 250, wasifu mfupi wa mzungumzaji (nusu ukurasa, si CV nzima), ratiba ya dakika kwa dakika, na ile barua pepe ya mwenyeji. Ikisiri iseme mtu atajadili nini. "Mada itagusa changamoto mbalimbali za mazingira na namna ya kuzitatua" haimsaidii yeyote, na inamfanya mwidhinishaji ashuku kuna jambo limefichwa. "Mzungumzaji ataonyesha jinsi picha za setilaiti zinavyotumika kupima upotevu wa misitu, kisha atajibu maswali kwa dakika 40" inatosha kutiwa saini.

5. Mgeni kutoka nje

Mwaliko rasmi utumwe baada ya kibali, si kabla. Kabla ya hapo muulize tu kama ana nafasi tarehe hizo, na umwambie waziwazi kwamba bado unasubiri idhini. Wazungumzaji wa nje huwa na utaratibu wao wa ziada katika vyuo vingi, na wengine huona huo ni udhibiti wa mawazo. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kanuni zilizoandikwa humlinda mwandaaji pia: sheria ya elimu ya Uingereza ya 1986 iliwataka wasimamizi wa vyuo wawe na kanuni za kufuatwa wakati wa kuandaa mikutano, na lengo lake lilikuwa kuhakikisha uhuru wa kusema, ukiwemo wa wazungumzaji waalikwa. Zitafute kanuni za chuo chako uzisome kabla hujaambiwa "haturuhusu".

Kama mgeni anavuka mpaka, visa inaweza kula muda kuliko hatua nyingine zote. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mhadhara mmoja wa saa 2 ni utalii. Nchi nyingi hutofautisha mgeni asiyelipwa na anayepewa honoraria, yaani malipo ya shukrani kwa mzungumzaji. Marekani, kwa mfano, humruhusu mwenye visa ya B-1 (ya wageni wa shughuli za kikazi) kupokea honoraria ya shughuli za kitaaluma ikiwa shughuli haizidi siku 9 katika taasisi moja, na ikiwa hajapokea malipo ya aina hiyo kutoka taasisi zaidi ya 5 katika miezi 6 iliyotangulia. Kwa hiyo barua ya mwaliko itaje tarehe, kazi atakayofanya, nani analipa nini, na iwe na sahihi ya ofisi, si ya kikundi cha wanafunzi.

6. Ukumbi wenyewe

Idadi iliyoandikwa mlangoni ni kikomo cha usalama wa moto, haimaanishi kila aliyekaa ataona ubao. Omba ukumbi unaozidi idadi yako kidogo. Mkubwa mno unaua mazungumzo: watu 30 wakitawanyika kwenye viti 400, hakuna anayeuliza swali. Angalia kama mwenye kiti cha magurudumu anaweza kufika, hadi jukwaani, si mlangoni tu.

Kisha nenda ukaujaribu, saa ileile ya siku ambayo tukio litafanyika. Jua la alasiri linaweza kufuta kila kitu kwenye skrini ambayo asubuhi ilikuwa safi kabisa. Chomeka kompyuta utakayoitumia siku hiyo, si nyingine, maana waya uliopo unaweza kuwa wa VGA na kompyuta ya mgeni ina tundu la USB-C pekee. Muulize fundi nani anashika ufunguo wa kabati la vipaza sauti, na kama anakuwepo baada ya saa za kazi. Andika namba yake. Ufunguo huo umechelewesha mihadhara mingi kuliko wazungumzaji.

7. Kufuatilia

Ukiwasilisha barua, usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au Kumb. Na. ya barua. Bila namba hiyo unauliza habari za karatasi isiyojulikana. Subiri muda uliotajwa kwenye kanuni. Usipotajwa, wiki moja ya kazi ni ya heshima. Swali zuri masijala si "mmefikia wapi?" bali "faili la namba hii liko kwa nani sasa?" Ukijua lipo kwa nani, unajua pia kama linasubiri saini au kiambatisho. Mara nyingi ni kiambatisho.

Ukiambiwa kwa mdomo "endeleeni tu," shukuru, kisha rudi ukaandike barua pepe fupi: "Kama tulivyozungumza leo, tunaelewa kwamba shughuli imeidhinishwa. Tafadhali tuthibitishie." Bango lisitoke mpaka jibu lije.

Kibali chenye masharti si kukataliwa. Ukitakiwa kuweka mwenyekiti mwingine, kupunguza watu wa nje au kuingiza kwa vitambulisho, pima kama shughuli bado ina maana, kisha kubali kwa maandishi. Ukikataliwa kabisa, omba sababu na uulize rufaa hupelekwa wapi. Ombi jipya lenye kichwa kilekile na tarehe tofauti halitapata jibu tofauti.

8. Kurekodi, na ripoti

Ridhaa ya mzungumzaji kurekodiwa iwe ya maandishi, na itaje video itawekwa wapi. Wahudhuriaji watangaziwe mwanzoni, na upande mmoja wa ukumbi ubaki nje ya kamera kwa wasiotaka kuonekana. Kama mada ni nyeti na unataka watu waseme kwa uhuru, unaweza kuendesha kikao kwa kanuni ya Chatham House, taasisi ya masuala ya kimataifa, iliyobuniwa London mwaka 1927: kilichosemwa kinaruhusiwa kutumika, lakini aliyekisema na taasisi yake hawatajwi. Ukiichagua, iandike kwenye barua ya maombi na usirushe kikao mubashara. Huwezi kuwa na vyote viwili.

Ndani ya wiki 2 peleka ripoti ya ukurasa mmoja kwa kila ofisi iliyotia saini: waliohudhuria ni wangapi, nini kilijadiliwa, nini hakikwenda sawa. Kama ulichukua masurufu, stakabadhi ziende kwa mhasibu siku hiyohiyo pamoja na salio. Asiyerejesha masurufu ya kwanza hapewi ya pili, hata barua yake iwe imenyooka vipi. Ukiomba tena muhula ujao, taja Kumb. Na. ya kibali cha awali kwenye aya ya kwanza na uambatishe ile ripoti.