Kabla hujafungua bawaba: kutoa na kurudisha mlango wa gari ukiwa na mgongo mbovu

Mlango wa mbele wa gari la kawaida, ukiwa na kioo, mota na spika zake, una kilo 25 hadi 40. Wa gari la milango miwili ni mrefu zaidi na hupita hapo bila shida. Mwenye mgongo mzima huudaka, huukumbatia, huuegemeza ukutani na kuendelea na shughuli zake. Wewe huwezi, na hesabu yenyewe inaeleza kwa nini.

Misuli inayonyoosha kiuno inavutia kutoka kama sentimita 5 tu nyuma ya katikati ya pingili. Mlango nao ni mpana, haukumbatiki kama gunia, hivyo uzito wake unakaa kama sentimita 50 mbele yako. Kilo 30 kwa umbali huo zinaidai misuli ivute kwa nguvu ya karibu kilo 300, na bado hujahesabu uzito wa kiwiliwili chako ukiwa umeinama. HSE, idara ya usalama kazini ya Uingereza, kwenye mwongozo wake inaweka kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke pale mzigo unapokuwa usawa wa kiuno na umebana mwilini. Mikono ikinyooshwa zinashuka hadi 15 na 10. Mzigo ukiwa usawa wa miguu na mikono imenyooshwa, zinabaki 5 na 3. Na hapo wanamzungumzia mtu mzima wa afya.

Kwa hiyo usipange namna nzuri ya kuubeba. Panga usiubebe kabisa.

Saa kwanza. Usianze kazi hii ukitoka kitandani. Usiku visahani vilivyo kati ya pingili hunyonya maji na kuvimba kidogo, na kuinama saa moja au mbili za mwanzo huvikandamiza kuliko baadaye. Hali kadhalika ukiwa umetoka kuendesha gari kwa saa nyingi: tembea kwanza. Dawa ya maumivu usiimeze ili ufanye kazi, maana ile kengele unayoizima ndiyo unayoihitaji leo. Mkanda wa kiuno ukitaka vaa, lakini haupunguzi hata gramu moja ya mlango.

Ardhi iwe tambarare na ngumu, handibreki juu, kabari kwenye magurudumu. Gari likiinama, mlango utajifunga au kujifungua wenyewe wakati umeshika spana. Kukiwa na upepo, ahirisha. Mlango ni tanga.

Bolti zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kulainisha tangu jana yake. Mgongo mbovu hauumizwi na uzito pekee. Ule mshtuko wa bolti kuachia ghafla ukiwa umeegemea spana kwa nguvu zote unatosha kukulaza siku tatu. Tumia mpini mrefu, kaa chini kwenye kigoda, vuta taratibu kuelekea kwako kiuno kikiwa kimenyooka. Ukiwa na mashine ya kufungulia nati, itumie kuanzishia, ila usiitumie kufungia.

Sasa punguza uzito, lakini kwa akili. Paneli ya ndani, spika na kioo cha pembeni hutoka upesi na vinafaa kutolewa. Kioo cha dirisha na mota yake ni suala jingine: kuvitoa kunakutaka ujikunje na kuingiza mkono kwenye matundu ya mabati makali kwa muda mrefu, nayo ni adhabu ya kiuno ya aina yake. Jeki yako ikiwa nzuri, viache. Ukiamua kutoa kioo, kishushe au kipandishe hadi bolti zake zionekane kwenye matundu kabla hujakata umeme, maana baada ya hapo hakisogei. Ukikiacha ndani, kishushe chote ili upate mahali pa kupitisha mkanda dirishani. Glavu ngumu ni lazima. Mlango wa nyuma wenye tairi la akiba: tairi kwanza, halina mjadala.

Betri: toa waya hasi, kisha subiri dakika 10 au zaidi, kwani milango mingi ina vihisi vya mifuko ya hewa. Hakikisha unazo namba za kufungulia redio kama yako inazidai. Plagi ya nyaya huwa ndani ya ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na nguzo. Nyingine huzungushwa, nyingine zina kijiwenzo, nyingine zimefichwa nyuma ya paneli ya miguuni ndani ya gari. Itafute na uifungue sasa, usije ukagundua mlango unaning'inia kwa nyaya.

Kile chuma chembamba kinachozuia mlango usifunguke kupita kiasi kifunguliwe baada ya nyaya. Kikishatoka hakuna kinachouzuia mlango kukunjukia fenda, kwa hiyo bandika utepe na kipande cha zulia kwenye ukingo wa fenda kabla hujakigusa.

Chora alama kuzunguka kila bawaba, pale inapokaa kwenye mlango. Afadhali zaidi, toboa tundu la milimita 3 kupitia bawaba hadi kwenye bati la mlango. Siku ya kurudisha utachomeka ncha hiyohiyo ya keekee na bawaba itakaa ilipokuwa bila kubahatisha. Kama kuna vibati vya kujazia nyuma ya bawaba, viandike kipi cha juu na kipi cha chini. Bawaba ziache kwenye bodi, fungua bolti za upande wa mlango. Hilo pekee linaokoa nusu ya kazi ya kulinganisha baadaye, yaani nusu ya kuinama.

Jeki. Ile ya magurudumu ya kubingirisha sakafuni inafaa, ila ujue tabia yake: kichwa chake hakipandi wima, kinachora upinde. Magurudumu yake yakinasa kwenye kokoto, badala ya kuunyanyua mlango itausukuma pembeni huku bolti zikiwa zimelegea. Fagia sakafu. Meza ya kunyanyulia kwa haidroliki ni bora, inapanda wima na inaweza kuufikisha mlango kiunoni. Usiweke mlango juu ya chuma kitupu cha jeki. Chukua ubao wa kama sentimita 60, pigilia vijiti viwili juu yake sambamba ili vifanye mfereji wa upana wa ukingo wa chini wa mlango, ndani weka sponji au zulia. Mlango uliokaa kwenye mfereji hautelezi. Jeki inabeba uzito, mtu anauzuia tu usiyumbe, na kuuzuia ni kilo chache.

Weka ubao katikati ya urefu wa mlango, pandisha hadi sponji ianze kubonyea, kisha legeza bolti zote nusu mzunguko. Upande wa kitasa ukishuka, jeki iko karibu mno na bawaba. Kaza tena, shusha, sogeza, rudia. Usisogeze jeki bolti zikiwa zimelegea.

Anza na bawaba ya chini, ya juu iwe ya mwisho. Bawaba ya juu ndiyo inayovuta mlango usilale nje, ya chini inasukumwa tu. Ukifungua ya juu kwanza, kichwa cha mlango kinakujia usoni.

Hapa ndipo watu wanapovunjikia, kwa hiyo soma polepole. Ajali ya kazi hii kwa kawaida haitokei wakati wa kubeba. Inatokea kwenye nyuzi tatu za mwisho za bolti ya mwisho. Fundi amekaa kwenye kigoda, jeki ipo, kila kitu kinaonekana sawa, ila jeki iko chini kwa milimita 5. Hizo milimita 5 zilikuwa zinabebwa na bolti. Inapotoka, mlango unashuka kwa kishindo kidogo na ukingo wake wa juu unaanza kulala nje. Mkono wa kulia una spana. Mkono wa kushoto unaruka kudaka, umenyooka kabisa, kiuno kimepinda na kimejizungusha kwa pamoja, misuli haijajiandaa. Mlango hauanguki hata. Umetua kwenye sponji, haujapata hata mkwaruzo. Lakini aliyeudaka hasimami. Kuinama, kujizungusha na mzigo wa ghafla vimekutana ndani ya nusu sekunde, na hakuna mchanganyiko mbaya zaidi kwa kisahani kilichokwisha kuchoka.

Dalili zilikuwepo kabla. Jeki ikiwa kwenye kimo chake, bolti ikishalegezwa hutoka kwa vidole hadi mwisho. Bolti inayodai spana mpaka uzi wa mwisho, au inayotoka ikikwaruza, bado ina uzito juu yake. Simama, irudishe nyuzi mbili, rekebisha jeki kwa pampu fupi fupi hadi bolti iwe nyepesi. Pitisha mkanda mpana dirishani, uufunge kwenye reli za paa kama zipo, ili mlango usiweze kulala nje hata ukitaka. Kama hakuna reli, msaidizi awe amesimama upande wa nje, ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, kabla hujagusa bolti ya mwisho. Na mkubaliane kwa sauti, msichukulie kuwa inaeleweka: mlango ukianza kwenda, mikono juu, rudi nyuma. Rangi inapigwa upya.

Msaidizi mwenyewe apewe amri moja moja na mtu mmoja. "Shika", "shusha", "simama", basi. Vidole vyake visiingie kati ya mlango na nguzo.

Kuna bawaba ambazo mlango hunyanyuliwa wima sentimita 3 hadi 5 na kuchomoka kwenye pini, baada ya kutoa kinati au kiklipu. Zinavutia kwa sababu zinaonekana rahisi. Kwa mgongo ni mbaya kuliko za bolti, kwa kuwa mtu hushika na kuuvuta juu kwa mshtuko. Jeki ndiyo inyanyue. Pampu kidogo, gonga bawaba kwa nyundo ya mpira, pampu tena. Ukiona bodi ya gari inapanda pamoja na mlango, pini zimeshika kutu. Shusha, ongeza mafuta, subiri.

Mlango ukitoka, unakwenda wapi? Jibu liwepo kabla. Kama unarudi leo leo, uache kwenye jeki au meza, umefungwa mkanda. Kama ni wiki, uteleze juu ya meza iliyotandikwa blanketi usawa wa kiuno. Usiulaze chini: kilichokwenda sakafuni lazima kitoke sakafuni.

Kurudisha ni kugumu kuliko kutoa, maana sasa matundu yanatafutana kwa milimita huku mtu ameshikilia. Punguza muda huo. Tafuta bolti mbili ndefu zenye uzi uleule wa asili, kata vichwa, zifunge kwa mkono kwenye matundu ya mlango, moja juu moja chini. Zitakuwa reli: mlango unasukumwa, bawaba inapanda juu yake, unatia bolti za kweli kwenye matundu mengine kisha unazitoa zile. Nati za ndani ya mlango mara nyingi ziko kwenye bati linaloelea, hivyo usishangae zikicheza. Bawaba ya juu kwanza, bolti zote kwa vidole, halafu alama zako au ile keekee, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Jeki isiondoke kabla ya hapo.

Toa kile chuma cha nguzoni ambacho kitasa hukishika, kisha ufunge mlango taratibu. Bila chuma hicho mlango unakaa unapotaka, nawe unaona ukweli. Nafasi iwe sawa pande zote, kwa kawaida milimita 3 hadi 5 kutegemea gari. Usitumie chuma cha nguzoni kuunyanyua mlango ulioshuka; rekebisha bawaba, tena kwa jeki na ubao chini ya upande wa kitasa, si kwa bega.

Na kabla hujaufunga kwa mara ya kwanza ukiwa na kila kitu ndani, jaribu kitasa mlango ukiwa wazi. Sukuma ulimi wake kwa bisibisi hadi ujifunge, kisha vuta mshikio wa nje, halafu wa ndani. Ulimi usiporudi, kuna waya au fito haijaungwa. Ukigundua hilo mlango umeshafungwa, utakaa nusu siku umejikunja juu ya kiti ukitoa paneli ndani ya mlango usiofunguka.

Milango ya kuteleza ya mabasi madogo hukaa kwenye roli tatu na huchomokea nyuma. Hiyo ni ya watu watatu au kreni ya injini. Milango ya malori ni kreni tu, maana bawaba zake ziko kifuani mwako na mlango uko juu zaidi. Mlango wa nyuma unaopanda juu usiutoe vile vifito vyake vya gesi kabla haujaegemezwa.

Maumivu ya kawaida ya kesho yake yanajulikana. Maumivu yanayoshuka chini ya goti, mguu unaolegea, ganzi kati ya mapaja, au mkojo unaokataa au kutoroka, hayo si ya kupumzikia nyumbani. Ganzi hiyo na shida ya mkojo ni hospitali saa hiyohiyo. Watoto wasiwe karibu na jeki. Viatu vifungwe. Sakafu ikidondokewa na mafuta ya kutu, pangusa kabla hamjasogeza chochote, na simu ya msaidizi ikae mfukoni.